Rasi ya Upande wa Kushoto

Mchoraji aliyefundishwa vizuri huwa na desturi ya kuitazama kazi yake kiooni kabla ya kuikubali. Jicho likishaizoea picha huanza kuisamehe makosa yake, kama mzazi anavyomsamehe mtoto anayempenda kupita kiasi. Kioo huigeuza picha ikawa ngeni, na mbele ya mgeni kasoro hukosa pa kujificha. Kwa sababu hiyo, mwanamke mmoja aliyefundisha uchoraji katika chuo cha ualimu hadi alipostaafu, na ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikisimamisha kiegemezo chake cha kuchorea sebuleni kikiupa mgongo mlango na kulielekea kabati kuukuu lenye kioo kirefu. Yeye alisimama katikati. Alipohitaji kuonywa, aligeuka tu.

Turubai iliyokuwa juu ya kiegemezo ilikuwa pana kuliko mikono yake akiinyoosha. Kamati ya maktaba ya mji ndiyo iliyoiomba. Ilitaka ukuta mkuu wa ukumbi wa kusomea upambwe kwa mandhari ya ufuo wa zamani, ule uliozikwa chini ya mawe na zege ulipojengwa ukuta wa bandari. Picha za kamera za ufuo huo hazikupatikana. Waliokuwa na kamera enzi zile walipiga picha za harusi na za watoto wachanga; bahari ilikuwepo kila siku, na hakuna aliyeona sababu ya kupoteza filamu kwa kitu ambacho kesho kingekuwepo pia. Mwalimu akaombwa achore kwa kukumbuka. Alikubali kwa sharti moja, alilolitamka mbele ya kamati nzima: pale kumbukumbu itakapokatika ataiunga kwa uzi wa kubuni, wala hatamwomba mtu ruhusa. Wajumbe walicheka, wakakubali.

Akaanza kama alivyokuwa akiwafundisha wengine: rangi nyembamba chini, iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha tabaka nono zaidi juu yake, lenye mafuta ya kitani, ili lililo chini lisije kulipasua lililo juu. Hakuwa na haja ya kufumba macho ili akumbuke. Baba yake alikuwa kinyozi, na duka lake liliutazama ufuo moja kwa moja. Mwalimu alikuwa bado mtoto duka hilo lilipovunjwa, lakini maji yale hayakumtoka kichwani. Rasi aliijua kama mtu ajuavyo uso wa mamaye: ililala upande wa kushoto, kichwa kimeinama, kama mnyama anayekunywa. Jua la asubuhi lilichomoza nyuma yake, na kivuli chake kikatanda juu ya maji hadi karibu na katikati ya ghuba. Chini ya maji ya karibu alitia mchanga wenye rangi ya ganda la kitunguu, ambao hakuwa na hakika nao. Na kwenye pembe ya kulia aliweka jiwe kubwa lililopasuka, ambalo halikuwahi kuwepo popote. Alilihitaji tu. Bila jiwe hilo picha ingelalia upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya.

Alikuwa anamalizia povu la wimbi la mbele aliposikia hodi ya mdogo wake.

"Ingia, mlango uko wazi."

Mdogo wake alikuwa mpima ardhi, na tangu ujanani marafiki walimwita Futi kwa sababu ya kamba ya kupimia iliyokuwa haimtoki kiunoni. Alipovuka kizingiti hakuiona picha, maana turubai ilimpa mgongo. Alichokiona ni kioo cha kabati, na ndani yake bahari yote. Akasimama na kofia mkononi.

"Loo! Dada, ni penyewe," alisema, na sauti yake ikapungua. "Ni penyewe hasa. Pale nilipojifunza kuogelea, pale! Umewezaje?"

"Kwa brashi," alijibu Mwalimu, lakini alifurahi, kwa sababu Futi hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Futi akaizunguka turubai ili aione kwa karibu. Akaiangalia. Akageuka kukitazama kioo, akairudia turubai.

"Mbona rasi imehama?"

"Imehamia wapi?"

"Huku, kushoto. Rasi ilikuwa kulia, dada. Ukisimama mlangoni kwa baba, uso baharini, rasi iko mkono wa kulia. Mkono huu ninaosalimia nao watu."

"Wewe ulikuwa mdogo. Hata viatu ulikuwa unavaa kinyume."

"Nilivaa kinyume, nikakua, nikawa mpima ardhi. Mimi nikikosea kulia na kushoto, watu wanajenga jiko kwa jirani. Rasi ilikuwa kulia. Kwenye kioo chako iko sawa, kwenye turubai umeigeuza."

"Sijageuza kitu. Nimechora nilichokiona."

Sauti zao zilimtoa mama yao chumbani. Alikuwa mwembamba na mkongwe, lakini ulimi wake haukuwa umezeeka hata kidogo.

"Nini tena? Mnagombana kama watu wanaogawana urithi, na mimi bado ninakula?"

"Shikamoo, mama. Hebu mwambie mwanao rasi ilikuwa upande gani."

"Marahaba. Kulia," alisema mama bila kufikiri. "Nilikuwa naanika taulo za baba yenu nikiitazama. Kulia."

Mwalimu akaiweka brashi chini. "Mama, niliiona kwa macho yangu haya."

"Uliiona, nani anakataa?" Mama akaisogelea picha, akaitazama kwa muda mrefu, halafu ghafla akaanza kucheka, kicheko cha kumkalisha mtu kitini. "Jamani! Kumbe uliionea humo!"

"Wapi?"

"Kiooni, mwanangu! Umesahau? Wewe ukiona maji ulikuwa unayafuata kama bata. Umetolewa baharini ukiwa na sare ya shule, umechapwa, hukukoma. Baba yako akachoka. Akawa anakukalisha kwenye benchi la wateja, mgongo mlangoni, uso kwenye kioo chake kikubwa. Akasema: huyu hatageuka kuiona bahari mpaka nimalize kunyoa. Nawe ukatulia, sisi tukashangaa, tukasema mtoto amepata adabu." Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Adabu gani! Ulikuwa unaitazama mbele ya pua yake. Baba yako alinyoa vichwa vya mji mzima, lakini hicho chako hakukiweza."

Futi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepewa haki yake. "Basi fumbo limefumbuliwa. Na bahati nzuri, rangi ingali mbichi. Ikwangue rasi, ihamishe, na kamati wakikutana Jumamosi hawataona kitu."

"Nani amekwambia nataka kuihamisha?"

"Dada, wale watu wanaijua rasi. Wataniuliza: wewe unapima ardhi za watu, dada yako hajui mji wake umeelekea wapi? Watatucheka."

"Kicheko hakijamuua mtu," alisema Mwalimu, ingawa mwenyewe hakuwa akicheka.

Kulipokucha alikishika kisu cha rangi, kile chembamba chenye ncha ya mviringo, akasimama mbele ya rasi. Ingekuwa si kweli kusema kwamba hakutikisika. Mtu anayegundua kwamba kumbukumbu aliyoitunza kuliko zote ilimfikia ikiwa imegeuzwa huwa na haki ya kujiuliza ni mangapi mengine yamegeuka pamoja nayo. Aliugusa mgongo wa rasi kwa kisu, na rangi ikakunjika kwa utiifu kama siagi. Rangi ya mafuta haina haraka. Humpa mtu muda wa kujuta, na muda huo nao ni mtihani.

Akageuka kukitazama kioo. Humo rasi ilikuwa kulia, mahali ambapo mama na mdogo wake waliijua, na kila kitu kilikuwa sahihi. Akaitazama picha ile sahihi kwa subira, kama unavyomtazama mtu uliyeambiwa ni ndugu yako, ukingoja damu iseme. Haikusema. Alijua kwamba alikuwa amewahi kusimama ufuoni pale kwa miguu yake, lakini siku hizo alikuwa akikimbia, na anayekimbia hatazami. Kutazama alikufanya kwenye benchi, mikono mapajani, amekatazwa kugeuka. Pale ndipo alipojifunza kwamba kivuli kina rangi, na kwamba wimbi huanza kuwa jeupe kabla halijavunjika. Kila alichokuja kuwafundisha watu wazima katika maisha yake ya kazi alikuwa amekipata akiwa katika adhabu.

Akaifuta ncha ya kisu kwa kitambaa. Kisha akachukua brashi na kuuziba mkunjo aliokuwa ameufanya kwenye mgongo wa rasi, safari hii kwa rangi nono zaidi.

Futi alipopita mchana, akiwa na ramani ya zamani ya upimaji kwapani, alimkuta anakunywa chai.

"Hujahamisha."

"Sijahamisha. Nikihamisha rasi, kivuli chake nikipeleke wapi? Mwanga wote unatoka upande wake. Nitakuwa na rasi kulia na jua kushoto. Hapo ndipo watu wangecheka kwa haki."

"Basi geuza yote. Nitakusaidia kupima."

"Mdogo wangu, hukunielewa. Siwezi, hilo la kwanza. La pili ni kwamba hata ningeweza, sitaki."

"Sikio la kufa," alisema Futi, akaibana tena ramani yake kwapani.

Jumamosi waliipeleka picha maktaba, yeye na Futi, ambaye alikubali kubeba lakini akasema wazi kwamba mikono yake haikuwa imekubali kitu kingine. Ukumbi ulinuka vanishi mpya. Misumari ya kutundikia ilikuwa imekwisha kugongwa ukutani. Mwenyekiti wa kamati, mfamasia mstaafu mwenye tabia ya kuyafunga maneno yake vizuri kama dawa ya unga ndani ya karatasi, aliisimamisha picha juu ya meza, akarudi nyuma, na wajumbe wakajipanga pembeni yake.

Waliitazama kwa heshima. Mjumbe mmoja, mzee mnene aliyewahi kufanya kazi forodhani, akaunyoosha mkono kuelekea pembe ya kulia.

"Jiwe lile!" alisema. "Jamani, jiwe lile nimelikalia mimi. Lilikuwa na ufa hivyo hivyo. Nilikuwa naweka viatu vyangu humo ndani ya ufa nikienda kuoga."

"Hata mimi nalikumbuka," alisema mwingine.

Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, kazi hii ni nzuri mno. Ina neno dogo tu. Rasi, kwa kumbukumbu zetu wote, ilikuwa upande wa pili. Hilo lisikutie huzuni. Tumekwisha kusikia kisa cha kioo, na kwa kweli kisa chenyewe kinapendeza."

Mwalimu akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akaviangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo tumeshauriana," aliendelea Mwenyekiti. "Hatukuombi uivunje kazi yako. Tunaomba uchore ukingo wa kioo, huko pembezoni mwa picha tu. Pengine na chupa ya mafuta ya nywele upande mmoja. Anayeingia ataelewa mara moja: hii ni bahari iliyoonekana katika kioo cha kinyozi. Rasi itabaki ulipoiweka, na ukweli utabaki ulipo. Penye wengi hapaharibiki neno."

"Penye wengi pana mengi, Mwenyekiti."

Wajumbe wakacheka kidogo. Yeye aliupima ushauri ule, kwa sababu haukuwa wa kijinga, na alikuwa mtu wa kuutendea haki ushauri. Ungekuwa ukingo wa mbao ya kahawia, kazi ya asubuhi moja. Picha ingekaa ukutani pale, mahali ambapo kila msomaji angeinua macho na kukutana nayo, kwa miaka ambayo yeye mwenyewe asingekuwepo kuihesabu. Alitaka jambo hilo. Alilitaka kuliko alivyokuwa amekiri kwa mtu yeyote.

"Hapana," alisema.

"Mwalimu, ukingo tu."

"Mimi sikuona kioo. Niliona bahari. Kioo hukitazama mtu anayeutafuta uso wake, na mimi uso wangu niliusogeza pembeni ili maji yapate kupita. Nikichora ukingo nitakuwa nawaomba radhi kila anayeingia. Niwaombe radhi kwa kosa gani? La kuambiwa nisitazame, nikatazama?"

"Hakuna anayesema ni kosa lako," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Lakini wafikirie watoto watakaosomea hapa. Ufuo hawakuuona. Watakachokikuta ukutani ndicho watakachokiapia."

"Basi na jiwe?"

"Jiwe lina nini?"

"Jiwe alilolikalia mzee wangu hapa halijawahi kuwepo. Nimelibuni mimi, kwa sababu picha ilikuwa inalalia upande mmoja."

Mzee wa forodha akajikaza. "Basi nilikalia jingine lililofanana nalo."

Safari hii ukumbi wote ulicheka, na Futi alicheka kuliko wote.

"Hilo ni jambo lingine," alisema Mwenyekiti.

"Ni lile lile, Mwenyekiti. Jiwe nililolitunga mmelipokea kwa mikono miwili, mpaka mmelivulia viatu. Rasi niliyoiona mnaitaka iombe radhi. Mdogo wangu ana ramani, na rasi yake imekaa inapopaswa kukaa. Itundikeni, watoto waiapie. Lakini mimi mliniomba ufuo niliouona, na niliouona ndio huu."

Mwenyekiti aliomba mikono ya wanaokubali kwamba picha isitundikwe bila ukingo. Iliinuka mmoja mmoja, kwa aibu, ule wa mzee wa forodha ukiwa wa mwisho, lakini iliinuka.

"Rangi ingali mbichi, Mwalimu," Mwenyekiti alisema. "Una muda wa kufikiri. Mlango huu haujafungwa."

"Ahsante. Nami nitaiacha ikauke."

Akashika upande wake wa fremu. Kwa kitambo hakuna aliyeshika upande wa pili, na turubai ikayumba. Kisha Futi akaja, akainama, akanyanyua.

Walipofika nje, Futi alitaka wapite uchochoro wa nyuma. Mwalimu akaelekea barabara kuu, na kwa kuwa waliobeba kitu kimoja hawawezi kwenda njia mbili, Futi akafuata.

"Ukingo tu, dada," alilalamika akitembea kinyumenyume. "Ukingo! Ningekuchorea mimi mwenyewe kwa rula."

"Na nani aliyewapelekea kisa cha kioo?"

"Nilitaka wakuelewe."

"Wamenielewa. Ndiyo maana wamekataa. Shika vizuri, unaibonyeza bahari kwa kiwiko."

Mkono wa shati la Futi ulikuwa umekwisha kupata kijani. Mbele ya duka la mshona viatu, mwenye duka alitoa misumari mdomoni ili apate kusema.

"Mwalimu, wameirudisha?"

"Nairudisha mimi."

Mshona viatu akainamisha kichwa, akaikagua. "Ufuo wa zamani huo. Ila mbona rasi iko huku?"

Mwalimu alivuta pumzi ili ajibu, lakini Futi alimtangulia.

"Ndugu, ukiwa na neno kuhusu rasi, njoo ushike upande huu. Ni mzito."

Mshona viatu akairudisha misumari mdomoni.

Nyumbani mama alikuwa kibarazani. "Wamekataa?"

"Wamekataa, mama."

"Na wewe?"

"Mimi pia nimekataa."

"Haya. Kaa basi unywe chai, umetokwa jasho kama uliyenyang'anywa."

Picha iliegemezwa kwenye ukuta wa kibaraza ikiitazama barabara, kwa sababu rangi ya mafuta hutaka hewa. Ikawa inatolewa kila asubuhi. Watu walisimama. Wengine walibishana kuhusu rasi, wakaonyeshana mikono yao ya kulia na ya kushoto, na mara moja mzee wa forodha alionekana ng'ambo ya barabara, akilitazama jiwe kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. Mwalimu hakutoka kumweleza mtu chochote. Sebuleni alikuwa amewamba turubai nyingine, pana kuliko ile ya kwanza kiasi kwamba ilibidi kiti kimoja kitolewe nje, na tabaka lake jeupe la chini lilikuwa limekwisha kukauka.

Futi alipokuja kumsalimia mama, dada yake alimpa ncha ya uzi.

"Wewe unajua kunyoosha mistari. Shika huko, nataka upeo wa bahari."

Futi akaivuta ncha yake hadi ukingo wa kushoto wa turubai, akapima kwa jicho, akaushusha uzi kwa unene wa unywele mmoja, akaupandisha nusu yake. Mwalimu akaufuata uzi kwa mkaa. Mstari ukatoka safi kutoka upande hadi upande.

"Huu hata mimi siupingi," alisema Futi. "Huu uko sawa popote unapokaa." Hakuondoka pale aliposimama, ncha ya uzi ingali kidoleni. "Na rasi?"

Mwalimu alikuwa amekwisha kuchovya brashi katika rangi ya udongo.

"Sogea," alisema. "Umesimama mbele yake."